Piano Iliyokwama Ngazini

Kazi ya Domina ilikuwa kusema "mimi" kwa niaba ya watu wengine. Mgonjwa akisema kwa Kiswahili kwamba tumbo linamkata, Domina alimgeukia daktari na kumwambia kwa Kiswidi, "Tumbo linanikata." Mtu aliyenyimwa nyumba akifoka, Domina naye alifoka, ingawa kwa sauti ya chini. Na daktari akisema uvimbe si mzuri, ni Domina aliyetamka, "Uvimbe niliouona si mzuri," na macho ya mgonjwa yalimwangukia yeye, si daktari. Ndivyo wakalimani walivyofundishwa: usiongeze, usipunguze, usipambe, na ukishatoka mlangoni uwe umesahau.

Kusahau ndiko kulikomshinda.

Alikuwa ametoka Bukoba kuja nchi ya Waswidi mwaka 1974 kwa udhamini wa masomo, mwalimu kijana wa maarifa ya nyumbani, aje ajifunze mwaka mmoja kisha arudi kufundisha wenzake. Akakutana na Gervas, kijana wa Kitanzania aliyekuwa akijifunza kazi kwenye kiwanda cha karatasi, wakafunga ndoa katika kanisa dogo la Kikatoliki, wageni wakiwa wachache kuliko mishumaa. Kila mwaka walisema watarudi mwakani. Sasa ilikuwa Februari 1987, binti yao Leokadia alikuwa na miaka kumi, akiulizwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiswidi, na neno "mwakani" lilikuwa limeacha kutajwa nyumbani bila mtu kutangaza.

Waliishi Upplands Väsby, kwa sababu ya kazi ya Gervas. Yeye alikuwa jikoni kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda, mahali panapopikwa chakula cha abiria wa ndege, na aliondoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Domina alirudi jioni, kutoka hospitali hii au ofisi ile, akamkuta mumewe ameshalala kiubavu, taa ameizima. Ndoa yao haikuwa na ugomvi. Haikuwa na nafasi ya ugomvi. Walikutana Jumapili, na Jumapili wote wawili walikuwa wamechoka.

Wiki ile ya Februari alikuwa na kazi kila siku. Jumatatu mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu. Jumanne mzee aliyekuwa akielezwa habari za figo zake. Jumatano, katika ofisi ya ushauri wa familia, Sowedi na Nakato.

Hao wawili walikuwa mtu na mkewe, Waganda kwa nchi lakini si kwa kabila moja. Sowedi alikuwa Mnubi aliyekulia kambini Jinja, baba yake askari, na Kiswahili ndicho alichonyonya. Nakato alikuwa Muganda, binti wa mwalimu, amesoma, Kiingereza chake kimenyooka. Kiswahili alikuwa amejifunza kwa Sowedi, kwa mapenzi, wakati ambao wasichana wenzake walikitazama kama lugha ya bunduki. Walikimbia mwaka 1979, serikali ya wanajeshi ilipoangushwa, wakapitia Sudan. Sasa Sowedi alikuwa akifua shuka za hospitali, Nakato akiosha vyombo kwenye shule, wana watoto wawili, na Nakato alikuwa ameomba talaka. Kwa kuwa watoto ni wadogo, sheria iliwapa nusu mwaka wa kufikiri, na katika kufikiri huko waliitwa mbele ya mama mmoja wa Kiswidi mwenye sweta la kijivu na sauti ya upole, wazungumze habari za watoto.

Nakato angeweza kusema kwa Kiingereza. Alichagua Kiswahili, ili Sowedi asije akadai hakuelewa.

"Hanipigi," alisema Nakato. "Andika hivyo, hajanipiga hata siku moja. Hanywi. Fedha analeta. Lakini mimi nakula chakula na huyu kila siku, na ni kama nakula na kanzu imetundikwa mlangoni. Kanzu iko pale, mtu hayuko. Mimi nachoka na kanzu."

Domina aliyatia maneno hayo katika Kiswidi. Kanzu ilimpa shida kidogo, akasema "joho refu jeupe". Mama wa sweta la kijivu akaitikia kwa kichwa, akamgeukia Sowedi.

"Na wewe, Sowedi, unasemaje?"

Sowedi alikuwa akiangalia dirishani, ambako theluji ilikuwa ikiondolewa na mtu mwenye koleo. Hakusema kitu. Mama yule alingoja, kisha akamtazama Domina, kana kwamba jibu limekwama kwake.

"Amesema nini?"

"Hajasema," alijibu Domina.

Ndivyo ilivyokwenda mpaka muda ukaisha. Mwishoni kabisa, akivaa koti lake, Sowedi alisema, akiliambia koti, "Mimi nilioa mwanamke Jinja. Huyu wa hapa simjui." Na Domina, ambaye kanuni ilimtaka aseme yote, akasema kwa Kiswidi, mbele ya uso wa Nakato, "Huyu wa hapa simjui." Aliisikia sentensi ile ikitoka kinywani mwake, ikasafiri naye kwenye treni mpaka Väsby, ikaingia naye kitandani kando ya mgongo wa Gervas.

Alhamisi jioni simu ililia. Alikuwa Erukana, mwenyekiti wa chama chao cha watu wa Kiswahili, mzee wa Kiganda aliyekuwa mwalimu kwao na sasa akifagia mabasi gereji. Chama kilikuwa na Waganda, Watanzania, Wakenya, Wazaire na Warundi wachache, na Jumamosi moja ya kila mwezi kilipewa ukumbi mdogo Hallonbergen, chini ya nyumba za ghorofa.

"Mama Leokadia," alisema Erukana, "Jumamosi tuko na sinema. Nimeazima mashine na filamu. Ya Kimarekani, ya zamani, ya mapenzi na kucheka. Mimi niliiona Kampala nikiwa kijana, tulicheka mpaka mtu wa mlango akaingia kuuliza nani ameumia."

"Vizuri, Mzee."

"Lakini wanasema haraka! Kiingereza kinakimbia kama maji. Na chini kuna maandishi ya Kiswidi, kina mama wetu hawawahi kusoma. Wazaire nao Kiingereza hawana. Sasa sisi tutafanya namna gani? Tumesema, Mama Leokadia atatuambia."

Domina aliegemea ukuta. Alisema koo linamuuma. Alisema Jumamosi ndiyo siku yake ya kufua. Erukana aliitikia kila udhuru kwa huruma nyingi, kisha akasema, "Ni kucheka tu, mama. Hakuna mgonjwa." Na Domina, ambaye siku zote kukataa kulimchosha zaidi kuliko kukubali, akakubali.

Jumamosi mchana alishuka stesheni kuu ya jiji, akapanda treni ya chini ya ardhi hadi Hallonbergen. Ukumbi ulinuka makoti yenye maji na sambusa. Viti vya kukunja vilikuwa vimepangwa, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na Erukana, amevaa tai, alikuwa akiizunguka mashine ya sinema kama mtu anayetaka kuipanda. Watoto walikimbizana kati ya viti. Domina alipewa kiti pembeni ya kitambaa cheupe, chai, na mto wa kuegemea, akawatazama watu. Nakato alikuwa mstari wa mbele, na wanawe wawili. Wakasalimiana kwa vichwa. Mkalimani akikutana na mtu wake mtaani, mtu ndiye anayeamua kama wanajuana.

Taa zikazimwa, mashine ikaanza kukereza.

Ilikuwa habari ya mume na mke matajiri wa New York waliotengana. Wamegawana kila kitu bila neno: vijiko, picha, hata mbwa. Kimebaki kitu kimoja, piano kubwa, ambayo kila mmoja anadai ni yake. Mke analeta wachukuzi waishushe kutoka ghorofa ya juu. Mume anatoka na nguo za kulalia, analeta wachukuzi wake waipandishe. Na katika kuvutana piano inakwama kwenye kona ya ngazi, haiendi juu wala chini. Lifti mbovu. Mume amebaki upande wa juu, mke upande wa chini, na chini barabarani mchumba wake mpya anamngoja na gari, wawahi meli. Mke haondoki bila piano. Basi wanakaa kwenye ngazi, piano katikati, wanazozana, na majirani wanaorudi na mikate yao na kuku wao inabidi watambae chini yake.

Watu walianza kucheka kwa macho tu, kabla ya maneno. Domina akaanza kazi.

"Mume anasema: piano hii niliinunua mimi," alitamka. Kisha mazoea yakamrudia, akaacha kutaja nani anasema nini. "Niliinunua mimi. Ulinunua, lakini hujui kuipiga. Ninajua wimbo mmoja. Wimbo huo ndio ulionifanya niondoke."

Alisema kila kitu, hakuongeza, hakupunguza. Sauti yake ilikuwa ileile ya figo na ya selimundu. Vicheko vikapungua. Mke kwenye kitambaa alikuwa akirusha mikono, kofia yake imepinda, na kando yake Domina alisoma maneno yake kama mtu anayesoma masharti ya mkopo.

Anselmo, Mzaire wa Lubumbashi aliyekuwa amekaa katikati na mkewe, hakuvumilia. "Mama, pole," aliita gizani. "Unasemaka sawa vile tuko mbele ya jaji. Hawa watu wanachekesha! Utie chumvi kidogo."

Watu wakacheka, safari hii wakimcheka yeye, ingawa si kwa ubaya. "Chumvi, mama!" mtu mwingine akadakia. Erukana kutoka kwenye mashine akasema, "Mama Leokadia, jiachie."

Domina alikunywa chai. Alitafuta chumvi ndani yake. Zamani alikuwa nayo. Bukoba alikuwa msichana wa maneno, akiwaiga masista mpaka wenzake wakatokwa na machozi. Sasa alichimba na kila alichokigusa kilikuwa cha mtu. Hili la mgonjwa wa Jumanne. Lile la mama aliyenyang'anywa mtoto. Miaka yote ile alikuwa amebeba maneno ya watu, na hapakubaki pembe ya kuweka ya kwake.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mwanga wa nje ukaingia na kutoka. Sowedi. Bado waliishi nyumba moja, ila Jumamosi alasiri ilikuwa zamu yake ya kukaa na watoto, alikuja kuwachukua. Alipoona giza hakupita. Alisimama palepale ukutani, kofia mkononi, akaanza kuangalia.

Kwenye kitambaa mke alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevua viatu. Kasi ilikuwa imepungua. Alimwambia mume, kwa Kiingereza cha kupita puani, kwamba kwa miaka saba amekula kifungua kinywa na gazeti lenye vidole vinane na lisilo na uso.

Domina alifungua kinywa. Alitaka chumvi, na chumvi ikaja yenyewe, tayari, haikuhitaji kutafutwa.

"Miaka saba," alisema, na sauti yake ikapanda, ikapata uhai, "miaka saba nakula chakula na kanzu imetundikwa mlangoni! Kanzu iko pale, mtu hayuko! Mimi nachoka na kanzu!"

Ukumbi ulipasuka. Mzungu wa New York na kanzu! Anselmo alipiga paja la mkewe. Wanawake walishikana mabega. "Kanzu!" mmoja alilia, "kanzu mlangoni, jamani!" na wimbi lilipotulia, mwingine alirudia neno lile na likaanza upya.

Domina alisikia kicheko kabla hajasikia alichokisema. Kisha akasikia. Mstari wa mbele, Nakato alikuwa amegeuza uso taratibu, akimtazama. Watoto wake walikuwa wakicheka pande zote mbili za mwili wake.

Mume wa piano alijibu kitu. Domina hakukitafsiri. Mke akasema kitu, mume akasema kitu, vinywa vikaenda bure, mpaka mkanda wa kwanza ulipokwisha ukaanza kupigapiga mashine, na Erukana akawasha taa. "Chai!" akatangaza. "Nabadilisha mkanda!"

Watu wakainuka. Wawili watatu walipita kumpongeza: sasa mama umeshika moto. Domina alikaa akiwa na kikombe kilichopoa. Alikuwa amevunja kiapo, si kwa umbea, si kwa hongo, kwa uchovu tu, na alijua kwamba aliyeumizwa hataona tofauti.

Nakato alikuja akasimama mbele yake.

"Yale maneno," alisema kwa sauti ya chini, "hayakuwa ya huyo mwanamke wa sinema."

"Hapana."

"Ni yangu."

"Ni yako. Nakato, sikukusudia. Yametoka. Sijui nikuambie nini, nimekukosea sana, na unaweza kunishtaki, nitakupa namba ya..."

"Wamecheka," Nakato alisema, kana kwamba hakumsikia. Alivuta kiti akakaa. "Mimi niliyalia yale maneno usiku mingi kabla sijayasema pale ofisini. Na wao wamecheka. Nimekasirika, mama, nataka kukuambia kwamba nimekasirika." Akawatazama waliosimama kwenye chai. "Lakini hata mimi, kama si yangu, ningecheka."

Domina alitaka kusema tena nisamehe, akashika koo. Sauti ilikuwa imekwenda. Haikuwa mara ya kwanza mwezi ule. Ilikauka ghafla kama bomba, ukabaki upepo.

"Huwezi tena," alisema Nakato, akimtazama kama muuguzi.

Domina akatikisa kichwa.

"Na watu wamekaa wanangoja." Nakato alitazama kitambaa cheupe, kisha akainuka. "Nenda kaa kule nyuma. Mimi najua Kiingereza."

Hivyo mkanda wa pili ulisemwa na Nakato. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, ngeli zimechanganyika, maneno ya Kiganda yakidondoka humo, naye hakukaa kitini. Alisimama kando ya kitambaa, mkono kiunoni, na uso wake ukaingia na kutoka kwenye mwanga wa mashine. Hakufuata kanuni yoyote. Mke akisema maneno matatu, Nakato alisema kumi. Mchumba wa garini alipopiga honi, Nakato alimwambia angoje, gari ni lake, miguu si yake. Watu walicheka hata mtoto mmoja akashikwa na kwikwi.

Domina alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na makoti. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alisikia watu wakizungumza lugha mbili na yeye hana kazi katikati. Maneno yalikuja yakampita. Ilikuwa kama kuvua viatu vilivyolowa.

Saa yake ilipofika Sowedi, ambaye hakuwa ametoka pale ukutani, aliwaita watoto kwa ishara, wakaja wakilalamika kwa Kiswidi kwamba filamu haijaisha. Aliwavalisha pale kando ya makoti, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono mikubwa iliyobabuka kwa sabuni ya dobi. Kwenye kitambaa, mume wa piano alikuwa amejaribu kupita chini kumfuata mke, akakwama miguu nje, na Nakato akasema, "Si nilikuambia punguza kula?" Sowedi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, akakikata mara moja, kama mtu aliyekohoa msibani. Nakato aliinua uso. Hakuweza kuona nyuma kwa giza, lakini mstari mzima wa maneno ulimpita.

Sowedi aliinama kufunga vifungo vya koti la mdogo, kichwa chake kikawa karibu na goti la Domina.

"Mama," alisema, bila kuinua macho. "Ile kanzu ni yangu."

"Ndiyo, baba." Ilitoka kama mnong'ono. "Nisamehe."

"Siku ile aliisema na mimi nipo?"

"Ulikuwapo. Umekaa dirishani."

Alifunga kifungo cha mwisho, kikakataa, akakifunga tena. "Sikusikia," alisema. "Nilikuwa namwangalia yule mtu wa theluji." Akawashika watoto mikono, akasukuma mlango kwa bega, wakatoka.

Ilivyokwisha ile filamu Domina hakujua. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye koti la mtu, zito, la sufu, lenye harufu ya tumbaku, na usingizi ulimchukua mzimamzima. Alipoamka mablanketi yalikuwa yameshaondolewa madirishani, mchana wa kijivu ulikuwa ukifa nje, na Erukana alikuwa akikunja viti. Nakato alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha maji ya moto na limau.

"Walirudiana?" Domina alinong'ona.

"Wa sinema? Walirudiana. Juu ya piano, wakabusiana, watu wakapiga makofi." Nakato alimpa kikombe. "Wale wana bahati. Ngazi yao ilikuwa moja."

Walitembea pamoja hadi stesheni, polepole, kwa sababu ya barafu. Mbele ya lango la treni Nakato alisimama.

"Alicheka," alisema. "Nilimsikia."

Domina alimgeukia.

"Hakuna kitu, mama. Sirudi nyuma. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa pua, basi." Akavua glavu, akamshika Domina mkono. "Usije tena kwenye kesi yetu."

"Siji."

Nyumbani Leokadia alikuwa kwa rafiki yake, na Gervas, kwa ajabu, alikuwa macho. Alikuwa akikaanga vitunguu, amevaa fulana, masikio yamekauka kwa baridi ya nje. Aliuliza sinema ilikuwaje. Domina alikaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua koti.

"Gervas," alisema kwa ile sauti iliyobaki, "niambie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Cha kwako."

Gervas alimwangalia mkewe, akapunguza moto. Hakuwa mtu wa maneno. Alifikiri, kisha akaanza kueleza habari za jiko la Arlanda: kwamba jana ilikuja oda ya samaki ya ndege ya Athene, oveni ikakataa, na bosi wake, Mfini mmoja mnene, akaipiga teke oveni mpaka akavunja kidole cha mguu, lakini oveni ikawaka. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, akarudi nyuma, akasahau jina la yule Mfini. Domina alisikiliza. Hapakuwa na mtu wa kumgeukia na kumwambia. Machozi yalimtoka, naye Gervas alidhani ni vitunguu, akafungua dirisha.

Jumatatu alimpigia simu msimamizi wa wakalimani akamweleza kilichotokea, bila kutaja majina. Alipewa onyo, na majuma mawili ya kupumzisha koo, na familia ile ikapata mkalimani mwingine, Mkenya. Aliporudi kazini Domina aliomba asipewe tena habari za ndoa wala za watoto. Alichukua madaktari wa meno, wapima macho, na walimu wa udereva. Mshahara ulipungua. Uchovu ulipungua pia, ingawa haukuisha. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na theluji ilikuwa ileile. Chama kilimwomba tena mara mbili atafsiri kwenye sinema, akakataa, akagundua kwamba kukataa hakuui. Walimchukua Nakato, na Anselmo alisema mbele ya wote kwamba huyo ndiye msanii.

Talaka ya Sowedi na Nakato ilipita mwezi wa Agosti, bila kelele. Nakato alihamia Fisksätra na watoto. Domina alikutana naye mwaka uliofuata, majira ya kuchipua, kwenye stesheni ya Slussen, kila mmoja akingoja treni yake, wakakaa benchi moja. Nakato alikuwa amepata kazi kwenye shule ya watoto wadogo, amenenepa kidogo, amesuka nywele.

"Na Baba watoto?" Domina aliuliza.

"Yupo. Anapiga simu kila jioni." Nakato alitikisa kichwa. "Kwanza ilikuwa watoto tu, wamekula, wamelala. Sasa anaongea, mama! Anaongea mambo ya dobi, mambo ya Jinja, mambo ya mafuta ya gari la rafiki yake. Siku nyingine nachoka, naiweka simu mezani naosha vyombo. Nikirudi bado anaongea."

"Unamjibu?"

"Namjibu, nitafanyaje. Miaka ile yote nilikuwa nayataka. Yamekuja mimi nimehama."

Hakulia wala hakucheka aliposema hivyo. Treni ya Saltsjöbanan, iendayo Fisksätra, iliingia, Nakato akakusanya mifuko yake ya soko, akambusu Domina shavuni kama wafanyavyo Wazaire, jambo alilojifunza kwa mke wa Anselmo, akapanda. Domina alibaki kwenye benchi. Kwa daktari wa meno alitakiwa kutafsiri saa ile ile, alikuwa ameshachelewa, akakaa kidogo zaidi.